Mtumishi wa Mungu Jérôme Lejeune: Daktari Aliyewaita Watoto kwa Majina Yao

Tarehe 21 Machi ya kila mwaka ni Siku ya Sindromu ya Down Duniani. Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Ni siku ya 21 ya mwezi wa 3, na watu wenye hali hiyo wamezaliwa wakiwa na kromosomu tatu za namba 21 mahali ambapo watu wengine wana mbili. Umoja wa Mataifa uliipitisha siku hiyo mwezi Desemba 2011, ikaanza kuadhimishwa rasmi mwaka 2012. Kwa sisi Wakatoliki inafaa kukumbuka kwamba tarehe hiyo daima huangukia ndani ya Kwaresima au Juma Kuu, kipindi ambacho Mama Kanisa anawaalika watoto wake kuichunguza dhamiri, na ulimi pia.

Ulimi unahitaji kuchunguzwa. Katika soko la Kilombero na la Tengeru, ndani ya daladala za Usa River na za Ngaramtoni, na hata, tukiri, uani mwa makanisa yetu baada ya Misa, mtoto mwenye sindromu ya Down bado huitwa zezeta, taahira au punguani. Huitwa hivyo mama yake akisikia. Wako pia wasemao kwa sauti ya chini, wakiuliza mama huyo alikosea wapi, alivunja mwiko gani, na ukoo wake unadaiwa nini. Matokeo yake yanajulikana kwa kila katekista aliyewahi kupita nyumba kwa nyumba katika miteremko ya Mlima Meru: wageni wanapobisha hodi, mtoto mmoja hupelekwa chumba cha ndani, na mlango hurudishwa.

Makala hii inasimulia maisha ya mtu aliyejua kwa nini mtoto yule amezaliwa alivyo, akaieleza dunia kwamba mama hana kosa, kisha akaishi miaka 35 iliyofuata akimtetea mtoto huyo mbele ya wenzake wasomi. Gharama aliyoilipa haikuwa ndogo.

Jérôme Lejeune alizaliwa tarehe 13 Juni 1926 huko Montrouge, kando ya jiji la Paris, Ufaransa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia familia yake iliishi Étampes, mji mdogo kusini mwa Paris. Huko kijana Jérôme alisoma riwaya ya Honoré de Balzac inayomhusu daktari wa kijijini anayewahudumia maskini, naye akatamani kuwa daktari wa namna hiyo. Alisomea udaktari Paris. Akiwa bado mwanafunzi alikutana na binti kutoka Denmark, Birthe Bringsted, katika maktaba ya Sainte-Geneviève. Walifunga ndoa mwaka 1952 na kujaliwa watoto watano. Birthe alikuwa amelelewa katika Ukristo wa Kilutheri, akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Hakuna namna ya kuyasimulia maisha ya Lejeune bila mama huyu. Mumewe aliposafiri, na alisafiri mara nyingi, walikuwa wakiandikiana barua karibu kila siku.

Daktari wa kijijini hakupatikana. Mwaka huohuo wa 1952 Lejeune aliingia katika kituo cha taifa cha utafiti wa kisayansi cha Ufaransa, akafanya kazi chini ya Profesa Raymond Turpin katika hospitali ya Trousseau mjini Paris. Turpin alimkabidhi watoto ambao madaktari wengi wa zama hizo hawakutaka kuwaona.

Ili tuelewe kazi aliyopewa, tunapaswa kurudi nyuma karibu miaka mia moja. Mwaka 1866 daktari Mwingereza John Langdon Down, aliyekuwa msimamizi wa makao ya watu wenye ulemavu wa akili huko Earlswood, aliandika maelezo ya kwanza yaliyo wazi kuhusu hali hii. Aliona vyema dalili zake: macho yaliyoinama kidogo, uso bapa, ulimi mkubwa, na uwezo wa watoto hao kuiga na kuchekesha. Lakini alizifasiri vibaya. Kwa kufuata fikra za karne yake zilizoyapanga makabila ya wanadamu kwa ngazi, alidhani watoto hao wa Kizungu walikuwa wamerudi nyuma na kufanana na watu wa Mongolia, akawapa jina la Wamongoli. Jina hilo lilibeba matusi mawili, moja kwa mtoto na lingine kwa taifa zima la Asia lisilohusika. Tumtendee haki Dkt. Down: alikuwa mtu mpole kwa wagonjwa wake, na makao aliyoyaanzisha mwenyewe baadaye, huko Normansfield, yaliwapa elimu, bustani na hata ukumbi wa michezo ya kuigiza. Hata hivyo, neno alilolitamka liliishi kuliko upole wake.

Hadi Lejeune anavaa koti jeupe pale Trousseau, karibu karne nzima baadaye, jina hilo lilikuwa bado katika vitabu vyote vya tiba. Kuhusu sababu ya hali yenyewe, mengi yalikuwa ni kubahatisha. Madaktari waliwahi kuisingizia kaswende ya wazazi, wengine pombe. Familia zilificha watoto, kwa sababu kumwonesha mtoto kulikuwa kama kutangaza aibu ya chumbani. Msomaji wa Arusha anayedhani kwamba minong'ono ya ukoo na laana ni mambo ya Kiafrika na apumzike: Paris ya mwaka 1952 ilinong'ona vilevile, ila kwa Kifaransa na kwa kutumia maneno ya hospitalini.

Lejeune na Turpin walianza na viganja vya mikono. Waligundua kwamba mistari ya viganja vya watoto hao inatofautiana na ya watoto wengine. Kwa kuwa mistari hiyo huchorwa mapema sana mtoto akiwa tumboni, walielewa kwamba chanzo cha hali hii kiko mwanzoni kabisa mwa uhai. Palibaki swali la mahali penyewe.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, na ndani ya kiini cha kila seli mna vitu vidogo kama nyuzi, viitwavyo kromosomu, vinavyobeba urithi wa baba na mama. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba ziko 48. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakifanya kazi Lund nchini Sweden, walionesha kwamba ni 46, yaani jozi 23. Mwaka huohuo alirejea Trousseau daktari mwanamke, Marthe Gautier, aliyekuwa amejifunza Boston, Marekani, namna ya kuotesha seli katika maabara. Hakupewa fedha za kutosha. Alikopa ili anunue vyombo vya kioo, akafuga jogoo wa kumtoa damu iliyohitajika katika kazi hiyo, na pale ilipohitajika damu ya binadamu akajitoa yake mwenyewe. Kwa juhudi hizo seli za watoto wenye sindromu ya Down zikaonekana chini ya hadubini, zikiwa na kromosomu 47. Vipande vya kioo vyenye seli hizo alivichukua Lejeune, akavipiga picha na kuzihesabu kromosomu. Tarehe 26 Januari 1959 matokeo yalitolewa katika taarifa za Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kwa majina ya watu watatu: Lejeune, Gautier na Turpin.

Hapa hatuna budi kusema ukweli, maana maisha ya watu wa Mungu hayahitaji kupakwa rangi. Dkt. Gautier alisikitika maisha yake yote kwamba jina lake liliwekwa la pili, tena likiwa limekosewa tahajia, na kwamba sifa zote zilimwendea Lejeune. Mwaka 2009 aliusimulia upande wake hadharani. Mwaka 2014 kamati ya maadili ya taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba nchini Ufaransa ilieleza kwamba bila utaalamu wa Gautier ugunduzi usingewezekana, na kwamba mchango wa Lejeune haukuwa mkubwa kuliko wa wengine katika ugunduzi wenyewe, ingawa ulikuwa mkubwa katika kuutangaza na kuuendeleza. Wanaomtetea Lejeune huonesha daftari zake za mwaka 1958 na ukweli kwamba yeye ndiye aliyekuwa na watoto hao kwa miaka mingi kabla. Gautier alifariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 96. Mwandishi wa makala hii anaona kwamba katika habari inayohusu heshima ya majina, jina la mama huyu lilistahili heshima zaidi ya ile iliyolifikia.

Lejeune alitaka hali hiyo iitwe trisomia 21, yaani utatu wa kromosomu ya 21. Ni jina kavu la kimaabara, na ukavu huo ndio uliokuwa uzuri wake. Halimtaji Mmongolia, wala mlevi, wala mgonjwa wa kaswende. Linasema tu kwamba wakati mbegu ya uhai inagawanyika, kromosomu moja ya ziada ilibaki pasipotarajiwa. Wengi huzaliwa hivyo bila mtu yeyote katika ukoo kuwahi kuwa na hali hiyo. Umri wa mama ukisogea uwezekano huongezeka, lakini mama wa miaka 20 naye huweza kumzaa mtoto wa namna hiyo. Duniani kote, kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa, ni takribani mtoto mmoja katika kila watoto 1,000 hadi 1,100 wanaozaliwa hai, awe wa Paris au wa Poli. Chakula, mwiko, husuda ya jirani na dhambi za bibi havina nafasi katika hesabu hiyo.

Akina mama waliokwenda kwa Lejeune katika miaka ile waliondoka wakiwa na ulemavu uleule wa mtoto, maana dawa haikuwepo, lakini waliondoka wakiwa wametuliwa mzigo wa shutuma. Mama akishajua kwamba hakumdhuru mwanawe, humbeba kwa namna nyingine. Hilo wanalijua wauguzi wetu wa kliniki za watoto, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuzungumza na mama baada ya kujifungua, na ambao neno lao la kwanza linaweza kumweka mtoto sebuleni au kumfungia chumba cha ndani.

Mwaka 1961 wataalamu 19 waliliandikia jarida la tiba la Uingereza, The Lancet, wakiomba kwamba jina la Wamongoli liachwe. Walisema jina hilo linapotosha na linaudhi, na wakapendekeza mengine kadhaa. Miongoni mwa waliotia sahihi walikuwemo Lejeune na Turpin, pamoja na mmoja wa ukoo wa Dkt. Down mwenyewe. Mwaka 1965 ujumbe wa Jamhuri ya Watu wa Mongolia ulilieleza Shirika la Afya Duniani kwamba jina hilo linawavunjia heshima, na shirika hilo likaacha kulitumia. Mitaani neno liliendelea kwa miaka mingi baadaye. Maneno hufa polepole, hasa yale yanayomfanya msemaji ajione bora.

Kiswahili chetu nacho kina historia yake katika jambo hili. Babu zetu walisema kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kichaa. Wanasarufi watatuambia kwamba maneno haya yamewekwa katika umbo la ki- na vi-, umbo la vitu na vidogo, kama kiti na kijiko. Lakini watatuambia pia kwamba upatanisho huyarudishia utu: tunasema kipofu amefika, hatusemi kimefika. Lugha ilijua kwamba huyu ni mtu, hata pale jina lilipomshusha. Katika miongo ya karibuni nchi imechagua njia nyingine, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaanza na mtu, kisha inataja alicho nacho. Si wote waliofuata njia moja. Wenzetu viziwi waliunda Chama cha Viziwi Tanzania na kulishika neno lao bila haya. Wenzetu wengine waliunda Chama cha Wasioona, wakaliacha neno kipofu. Neno hupimwa kwanza na yule anayeitwa kwalo, na yeye akishasema linamuumiza, mjadala wa kamusi hauna nguvu tena.

Kwa watu wenye ulemavu wa akili kuna ugumu wa ziada, kwa kuwa wengi wao hawaundi vyama wala hawaandiki barua magazetini. Wanasikia, lakini. Mzazi au mwalimu yeyote anayeishi nao atathibitisha kwamba mtoto mwenye sindromu ya Down hujua upesi sana ni nani anamcheka na ni nani anacheka pamoja naye. Tusiwaite zezeta, taahira wala punguani, hata kwa utani, hata kwa kumtania mtu mwingine asiye na ulemavu. Mtindio wa ubongo nalo ni jina la hali nyingine, na halipaswi kubandikwa kwa kila mtoto anayechelewa kusema. Tukihitaji kuitaja hali yenyewe, tuseme mtoto mwenye sindromu ya Down, au mwenye ulemavu wa akili. Mara nyingi hatuhitaji kuitaja. Jina alilobatizwa nalo linatosha.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Lejeune. Aliongoza idara ya utafiti wa kromosomu katika hospitali ya watoto ya Necker, na mwaka 1964 alipewa kiti cha kwanza cha jenetikia katika Kitivo cha Tiba cha Paris. Mwaka 1963 alikuwa amekwisha kueleza ugonjwa mwingine wa kromosomu, ule unaowafanya watoto wachanga walie kama paka. Pamoja na hayo yote hakuacha chumba cha kuwapokea wagonjwa. Maelfu ya familia zilipita hapo. Wanaomkumbuka husimulia kwamba aliwakumbuka wagonjwa wake kwa majina hata baada ya miaka, kwamba alimpokea mtoto kwanza kabla ya kuzungumza na wazazi, na kwamba mzazi aliyepiga simu usiku alijibiwa. Kilichowashangaza wengi ni kwamba alizungumza na mtoto mwenyewe. Katika zahanati zetu ni jambo la kawaida kumuuliza mama habari za mtoto aliyekaa pale pale, mwenye miaka 12 na masikio mazima.

Desemba 1962 alipokea tuzo ya Wakfu wa Kennedy kutoka mikononi mwa Rais John F. Kennedy wa Marekani, ambaye dada yake Rosemary alikuwa na ulemavu wa akili na alikuwa amefichwa mbele ya umma kwa miaka mingi. Yaani hata nyumba ya rais ilikuwa na chumba chake cha ndani.

Kisha mambo yakageuka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 ikawezekana kuzihesabu kromosomu za mtoto akiwa bado tumboni, kwa kuchukua maji yanayomzunguka. Elimu ambayo Lejeune aliitafuta ili aponye sasa ilianza kutumiwa kumtambua mtoto mwenye trisomia 21 ili mimba yake itolewe. Lilikuwa pigo kubwa la maisha yake. Mwaka 1969, huko San Francisco, Chama cha Jenetikia ya Binadamu cha Marekani kilimpa tuzo ya William Allan, heshima ya juu kabisa katika fani yake. Badala ya kuwafurahisha wenyeji wake, alisimama akawaambia kwamba kazi ya tiba ni kuuondoa ugonjwa, si kumwondoa mgonjwa, na kwamba mtoto aliye tumboni ni binadamu. Ukumbi ulimpokea kwa ubaridi. Familia yake inasimulia kwamba jioni ile alimwandikia Birthe kuwa siku hiyo amepoteza Tuzo ya Nobel. Hakuipata kamwe.

Mwaka uliofuata bunge la Ufaransa lilianza kujadili muswada wa kuruhusu utoaji mimba pale mtoto anapokuwa na ulemavu, na jambo hilo likajadiliwa kwenye televisheni. Inasimuliwa kwamba kesho yake mvulana wa miaka kumi mwenye sindromu ya Down aliingia katika chumba cha Lejeune akilia, akamkumbatia shingoni, akamwomba awatetee kwa sababu wao hawawezi kujitetea. Alikuwa ameangalia televisheni pamoja na wazazi wake, na alikuwa ameelewa. Tangu siku hiyo daktari alikwenda popote alipoitwa kutoa hotuba: kumbi za vyuo, mabunge, mahakama. Sheria ya kuruhusu utoaji mimba ilipita Ufaransa mwezi Januari 1975.

Alilipa. Kuta za kitivo alichofundishia ziliandikwa maneno ya kumtakia kifo, yeye na wagonjwa wake. Mikutano yake ilivurugwa. Mialiko ya kimataifa ikakauka, na miaka ya 1980 fedha za umma za utafiti wake zikakatwa, akaendelea kwa misaada ya marafiki, wengi wao wa ng'ambo. Alitafuta tiba ya ulemavu wa akili unaotokana na trisomia 21 hadi mwisho, na hakuipata. Hata leo haijapatikana. Yaliyopatikana ni mengine yenye thamani: karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na nyingi ya kasoro hizo hutibika kwa upasuaji, ambao kwa sasa hufanyika hata hapa nchini katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mtoto huyu hujifunza, kwa mwendo wake. Walimu wanaojua namna ya kumfundisha huandaliwa hapa hapa chini ya Mlima Meru, katika Chuo cha Ualimu cha Elimu Maalumu Patandi, Tengeru, kinachowapokea wanachuo kutoka kila pembe ya Tanzania. Inasikitisha kwamba ziko familia, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Patandi, ambazo hazijawahi kumpeleka mtoto wao shule kwa kudhani hafundishiki.

Kanisa halikumsahau. Mtakatifu Paulo VI alimteua mwaka 1974 kuwa mjumbe wa Taasisi ya Kipapa ya Sayansi. Mtakatifu Yohane Paulo II, yule yule ambaye mwezi Septemba 1990 alifika Moshi, jirani zetu, akawa rafiki yake. Tarehe 13 Mei 1981 Lejeune na mkewe walikula chakula cha mchana pamoja na Papa mjini Vatican, na saa chache baadaye Papa akapigwa risasi katika Uwanja wa Mtakatifu Petro. Desemba ya mwaka huo Papa alimtuma Moscow, pamoja na wanasayansi wengine, kumweleza Leonid Brezhnev hatari ya vita vya nyuklia.

Mwishoni mwa mwaka 1993 madaktari waligundua kwamba Lejeune ana saratani ya mapafu. Tarehe 11 Februari 1994 Papa alianzisha Taasisi ya Kipapa ya Maisha, na tarehe 26 mwezi huohuo akamteua kuwa rais wake wa kwanza. Lejeune alikuwa ameshiriki kuandaa katiba ya taasisi hiyo, na aliipokea kazi hiyo akiwa kitandani. Katika Juma Kuu alipelekwa hospitalini. Watoto wake walimuuliza amewaachia nini wagonjwa wake wadogo. Alilia. Alisema hana mali ya kuwaachia, amewapa maisha yake, na kwamba kinachomuuma ni kuwaacha kabla ya kuwapatia dawa. Alifariki alfajiri ya Dominika ya Pasaka, tarehe 3 Aprili 1994. Alikuwa rais wa taasisi ile kwa siku 36 tu.

Misa ya mazishi iliadhimishwa katika Kanisa Kuu la Notre-Dame, Paris. Wakati wa ibada hiyo kijana mmoja mwenye sindromu ya Down, mmoja wa wagonjwa wake wa kwanza, alikwenda kwenye kipaza sauti bila kupangiwa na mtu, akamshukuru profesa kwa yote aliyowatendea baba yake na mama yake, na akasema kwamba kwa sababu yake yeye anajivunia kuwa alivyo.

Mchakato wa kumtangaza Mwenyeheri ulifunguliwa na Jimbo Kuu la Paris mwaka 2007, na hatua ya jimbo ikafungwa mwezi Aprili 2012. Tarehe 21 Januari 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliridhia tamko linalotambua kwamba Mtumishi wa Mungu Jérôme Lejeune aliishi fadhila za Kikristo katika kiwango cha ushujaa. Ili atangazwe Mwenyeheri unahitajika muujiza uliothibitishwa na Kanisa. Amezikwa Chalo-Saint-Mars, kijiji kilicho karibu na Étampes alikokulia. Mtakatifu Yohane Paulo II alikwenda kusali kwenye kaburi hilo tarehe 22 Agosti 1997, katika siku za Maadhimisho ya Siku ya Vijana Duniani mjini Paris. Lilikuwa tendo la binafsi katika ziara iliyojaa umati, na miongoni mwa waliomsubiri kaburini walikuwemo Birthe, watoto na wajukuu wake.